Njia ya Kwenda Hagg

"Kama umekuja kunikamata, nikamate haraka," Seth Iveson alisema bila kugeuka. "Ila ujue mkono wangu uko ndani ya kondoo."

Ulikuwa ndani kweli, hadi kiwiko. Inspekta Bridget Tordoff alisimama mlangoni mwa banda, mvua ikimchuruzika kwenye kola ya koti, akangoja. Kondoo alikoroma juu ya majani makavu. Iveson alisaga meno, akapindisha bega, akavuta. Kikatoka kiumbe chekundu chembamba kilicholowa chepechepe. Akakisafisha pua kwa kishada cha majani, akakisugua mbavu mpaka kikapiga chafya, akakilaza mbele ya mdomo wa mama yake.

"Haya," akasema, akimnyooshea Tordoff mikono yake miwili iliyotapakaa damu. "Tia pingu. Picha itapendeza gazetini."

"Nawa kwanza."

"Kunawa kwa faida gani? Nina banda zima linalongoja kuzaa. Ukinipeleka mjini leo nani atawazalisha? Mrakibu wako?"

Mrakibu Sugden alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo, naye hakupoteza maneno: Iveson aletwe kituoni kabla ya jioni. Wilf Raistrick, mpeleka barua mstaafu, alikuwa ameokotwa jana alfajiri akiwa kifudifudi katikati ya mawe ya kuvukia kijito, chini ya malisho ya Iveson. Daktari wa maiti alisema fuvu lilipasuka kisogoni kabla mwili haujagusa maji. Na mwanzoni mwa wiki, ndani ya baa ya Doreen Capstick, mbele ya kitongoji kizima cha Skelgarth, Iveson alikuwa amepiga kelele kwamba akimwona mbwa wa Raistrick karibu na wanakondoo wake atampiga risasi. Kulikuwa na hasira, kulikuwa na kitisho, na maiti ilikuwa kwenye shamba la mwenye kitisho. Sugden alipenda kesi nyepesi kama paka apendavyo jikoni.

"Ulimtishia," Tordoff alisema.

"Nilimtishia mbwa. Kila mwaka kondoo wakizaa nawatishia mbwa wote wa Skelgarth. Wilf aliniita mzee mwenye roho ya kutu, kisha akaninunulia bia. Doreen hakukuambia habari ya bia?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Sasa niambie juzi jioni ulikuwa wapi."

Iveson aliingiza mikono kwenye ndoo, maji yakawa mekundu. "Juzi ndiyo siku niliyowatoa nje majike wa kwanza na watoto wao. Majira yote ya baridi walikuwa humu ndani na mageti yote yalikuwa yamefungwa. Nikawatia malisho ya juu. Ilipofika jioni nikaona mvua inashuka kutoka mlimani, nikafungua geti la katikati, nikalifunga kwa kamba ukutani lisipigwe na upepo, ili washuke kunywa maji na kujibanza chini kwenye tanuri la zamani la chokaa. Nikarudi humu. Sikutoka tena."

"Nani shahidi wako?"

"Waulize." Akaelekeza kidole kwa kondoo.

Tordoff hakucheka. Iveson naye hakuwa amekusudia achekwe. Alichukua taulo chakavu, akajifuta, halafu akalitupa chini kwa ghadhabu iliyomshangaza hata kondoo.

"Na unajua nini kimenichoma? Alfajiri naamka nasikia kile kilio. Unakijua wewe, binti Harold Tordoff, umekulia bonde la pili hapo. Mama huku, watoto kule. Mpumbavu mmoja alikuwa amefungua fundo langu, akalisukuma geti, akatia na komeo! Wanakondoo wangu wawili walikuwa wamekauka kwa baridi. Nilikimbia kulifungua, na nikiwa nimeshika komeo ndipo nikamwona Wilf majini. Na Mungu anisamehe, Bridget, nilimaliza kufungua geti kwanza."

Mvua ilipiga bati la banda. Tordoff alikuwa amekwisha kugeuka aende garini, pingu zikiwa bado mfukoni. Akarudi.

"Wilf angeweza kulifunga?"

"Wilf?" Iveson alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Amepeleka barua mashamba haya maisha yake yote, jua, theluji, tope. Mkono wake ungenyauka kwanza. Mtoto wa hapa hufundishwa hilo kabla ya sala. Geti ulilolikuta wazi, liache wazi. Ulilolikuta limefungwa, lifunge. Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha kwa fimbo."

"Basi usiniulize upuuzi."

"Watalii?"

"Kwa mvua ile? Watalii wanakuja maua ya buluu yakichanua msituni, wanapiga picha maporomoko, wanakula keki kwa Doreen, wanarudi kwao. Juzi hapakuwa na mtu ila sisi." Alichuchumaa tena karibu na kondoo mwingine aliyekuwa akihema. "Kama hunikamati, nipishe. Unaniondolea mwanga."

Tordoff alimpisha.

*

Nyumba ya Raistrick ilikuwa ya mwisho kabla ya kanisa dogo, na dirisha la jikoni lilitazama moja kwa moja kwenye msitu wa Hagg. Zamani dirisha lile lilitazama miti. Sasa, kati ya vigogo, vilionekana vibanda vitatu vipya vya wageni, kila kimoja na baraza yake ya mbao na beseni lake la maji moto, vimepangwa ukingoni mwa maporomoko kama meno ya bandia.

"Kaa," Enid Raistrick, mjane wa Wilf, alisema. "Chai ipo. Rambirambi sitaki."

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Hakuwa amelia, au kama alilia alikuwa amekwisha kuuosha uso. Chini ya meza alilala Moss, mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe. Usiku ule alirudi peke yake akaukwaruza mlango.

"Wanasemaje huko nje?" Enid aliuliza.

"Bibi Enid, mimi..."

"Nimekuuliza wanasemaje."

"Wanasema Wilf alimwachia mbwa kati ya wanakondoo, Iveson akamwona, wakagombana."

Enid alikipiga kikombe mezani hadi chai ikamwagika. "Waseme amelewa! Waseme ameiba! Hayo ningeyavumilia. Lakini Wilf kumwachia mbwa kwenye malisho, kondoo wakizaa? Wanamzika mara mbili, mwanangu. Mara ya kwanza kama maiti, mara ya pili kama mjinga."

Tordoff alitoa mfuko wa plastiki wa ushahidi, akauweka juu ya kitambaa cha meza. Ndani yake mlikuwa na kamba ya ngozi ya kufungia mbwa, iliyoviringwa ikawa duara dogo.

"Ilikuwa mfuko wa kulia wa koti lake. Imekunjwa hivihivi."

Enid aliigusa kwa kidole juu ya plastiki. Moss aliinua kichwa, akanusa hewa, akalia kidogo kooni.

"Ndivyo anavyoikunja akifika msituni," Enid alisema polepole. "Malishoni kamba iko mkononi, na mbwa ubavuni. Akishapita ukuta wa msitu, anamfungua, anaikunja hivyo, anaitia mfukoni, na Moss anatangulia mbio mpaka maporomoko ya Hagg. Wakirudi, kabla hajavuka ule ukuta, anamwita, anamfunga. Hakuna siku aliyokosea."

"Mawe ya kuvukia yako malishoni."

"Yako malishoni."

"Basi kama alianguka kwenye mawe, kamba ingekuwa mkononi."

"Au shingoni mwa mbwa." Enid aliketi, kwa mara ya kwanza. "Hakufia kwenye mawe."

"Lakini njia ya msituni imefungwa tangu mwezi wa pili. Bwana Lanyon, mwenye vibanda vile, ameweka uzio."

"Na Wilf ameuruka kila siku tangu mwezi wa pili, na magoti yake yale mabovu." Sauti yake ilianza kupanda. "Unajua sheria, wewe ni polisi. Njia watu wakiipita wazi, bila kuomba ruhusa, bila kuzuiwa, miaka ishirini, inakuwa ya umma. Mama yangu aliipita akienda kusuka vikapu upande wa pili. Wilf ameipita na mfuko wa barua. Jumanne baraza la wilaya linakaa, na yeye ndiye alikuwa wa kusimama aseme: nimepita, sikuzuiwa, sikuomba. Huyo bwana anasema njia ilikuwa hisani tu ya waliomiliki msitu kabla yake. Hisani! Amekuja kutoka London na sanduku la mabuti mapya, anatuambia miguu yetu ilikuwa inatembea kwa hisani!"

Tordoff alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamchoma. Aliuhitaji ule mchomo. Alikuwa amejifunza zamani kwamba hasira ya askari ni kama moto wa jikoni: ukiuacha ukatoka mekoni, unachoma nyumba na chakula hakiivi.

"Wilf alizoea kwenda saa ngapi?"

"Jioni, baada ya chai. Na juzi alienda na hasira. Alisema leo nitapita mbele ya baraza ya kibanda chake kabisa, anione."

*

Piers Lanyon aliwapokea sebuleni kwake Tordoff na Konstebo Amarjit Hothi, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu na tabia ya kutosema lolote mpaka aulizwe. Koti la Lanyon lilikuwa aina ile ya koti la shambani linalopakwa nta, lakini halikuwa na hata doa moja. Mabuti yake yalimetameta kando ya moto, na dirishani ilionekana pikipiki yake ya magurudumu manne, yenye trei ya mizigo nyuma.

"Maskini mzee," alisema. "Mkaidi, ndiyo, lakini nilimpenda. Kila mahali pazuri panahitaji mzee mkaidi."

"Juzi jioni ulikuwa wapi, Bwana Lanyon?"

"Humu. Tangu mchana. Mvua ile hata bata asingetoka." Alimimina chai. "Nimesikia Iveson bado yuko nje. Inashangaza. Alitishia bunduki mbele ya watu!"

"Unamfahamu vizuri?"

"Ni jirani, huchagui. Umeliona shamba lake? Kuta zimeporomoka, bati limeoza, mageti yamepanua midomo. Mimi nimeweka vibao kila pembe, *Tafadhali Funga Geti*, kwa gharama yangu. Watalii wanavifuata. Wenyeji ndio wanaovicheka. Inspekta, kwa kweli nadhani sisi tuliochagua kuishi mashambani tunayaheshimu mashamba kuliko waliozaliwa humu."

Tordoff alikiweka kikombe chini taratibu.

"Kwa hiyo wewe ukikuta geti wazi..."

"Nalifunga. Daima. Ndiyo kanuni."

"Hata la Iveson?"

"Hasa la Iveson! Lile la katikati nililikuta limefungwa kwa kamba ukutani, hebu fikiria, limeachama kabisa na kondoo wanazurura. Nikamfungulia fundo lake, nikamfungia geti lake. Wala sitegemei ahsante."

"Ulikuwa mwema."

"Ujirani tu."

"Ilikuwa lini?"

Lanyon alipuliza chai yake. "Sikumbuki. Wiki jana, pengine."

"Wiki jana lilikuwa limefungwa," Tordoff alisema. "Limefungwa majira yote ya baridi, kwa sababu kondoo walikuwa bandani. Iveson alilifungua mara moja tu mwaka huu, juzi jioni, mvua ikianza. Alfajiri lilikuwa limefungwa tena na Wilf Raistrick alikuwa majini chini yake. Lilikuwa wazi usiku mmoja, Bwana Lanyon. Usiku ambao wewe hukutoka humu ndani."

Kuni ilipasuka motoni. Hothi alikuwa ameacha kuandika.

"Basi nililiona dirishani," Lanyon alisema.

"Ni dirisha lipi hilo unaloweza kufungulia fundo?"

Rangi ilimtoka usoni, kuanzia kwenye paji, kama maji yanavyoshuka ndani ya bomba.

Tordoff aliendelea, na sauti yake haikupanda. Hothi, aliyemjua, alijua kwamba hapo ndipo palipo pabaya. "Hata mwizi wa kondoo wa bonde hili asingeligusa geti lile. Angepita na mzigo wake, angerudi, angeliacha kama alivyolikuta, bila kufikiri. Wewe ulikuwa na maiti nyuma ya pikipiki yako ya magurudumu manne, giza, mvua, umemshusha hadi kwenye mawe ili aonekane ameteleza, umepanda tena, umefika getini. Na ukasimama. Ukashuka. Ukalifunga. Kwa sababu wewe ni mtu wa mashambani, siyo?"

"Hiki ni kichekesho. Kwa sababu ya geti?"

"Kwa sababu ya geti. Piers Lanyon, nakukamata kwa tuhuma za kumuua Wilfred Raistrick. Si lazima useme kitu..."

"Alikuwa ananitukana!" Lanyon alisimama, chai ikamwagikia zulia. "Kwenye baraza yangu! Amesimama kwenye mbao zangu, na mbwa wake analowesha kila kitu, ananiambia Jumanne atanivua nguo mbele ya baraza zima la wilaya. Nilimsukuma tu. Kidogo. Mtu mwenye magoti yale angekaa nyumbani..."

"Nyamaza." Neno lilimtoka Tordoff kabla hajalipima. Alishusha pumzi, akakamilisha maneno ya sheria, moja baada ya jingine, hadi mwisho. "Mengine uyaseme mbele ya wakili. Hothi, mtie pingu. Na mtazame miguu yake akitembea. Mabuti yale nayataka kwenye mfuko."

Baadaye, wakipekua uwanja, Hothi alimwonyesha trei ya pikipiki. Ilikuwa imesafishwa hadi ikang'aa, isipokuwa chini ya bawaba, mahali ambapo manyoya meusi ya mbwa na uzi wa sufu vilikuwa vimenasa pamoja. Kwenye kibanda cha tatu ngazi moja ilikuwa nyeupe kuliko nyingine, na hata mvua ilikuwa haijamaliza kuondoa harufu ya dawa ya kufulia.

"Mrakibu yuko kwenye simu," Hothi alisema. "Anauliza Iveson yuko wapi."

"Mwambie anazalisha."

*

Habari haikuhitaji gurudumu. Tordoff aliposhuka kutoka vibandani na bunda la utepe wa polisi begani, Skelgarth nzima ilikuwa imesimama kwenye uzio wa msitu. Mbele alikuwa Doreen Capstick, aproni ya baa bado kiunoni, ameshika koleo la kukatia waya. Iveson alikuwa nyuma yake, damu ya uzazi imekauka mikononi. Kando yao, ndani ya gari la polisi lililosubiri njiani, Lanyon alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa nusu kwa sababu alidai anakosa hewa.

"Toka hapo, Bridget," Doreen alisema. "Tunapita."

"Leo hapana."

"Umemkamata au hukumkamata?"

"Nimemkamata. Ndiyo maana hampiti."

Kelele zikalipuka. Mtu alirusha tope, likampiga Hothi kifuani, naye akalitazama tu. Doreen alibana waya wa kwanza, ukakatika, ukaruka kama nyoka.

"Unatuchezea!" Iveson alifoka. "Jana uzio wa tajiri, leo utepe wa serikali! Tofauti yake nini? Rangi?"

"Tofauti ni kwamba hapa ameuawa mtu!" Tordoff alifoka pia, na safari hii moto ulitoka mekoni na hakujali. "Mnaona mvua hii? Kila saa inanioshea ushahidi. Mkitia miguu yenu humu, wakili wake atasimama mahakamani aulize alama hii ya nani na ile ya nani, na mimi nitakuwa sina jibu. Ataachiwa. Atarudi hapa hapa, kwenye beseni lake la maji moto, awapungie mkono! Hicho ndicho mnachotaka? Kata waya wa pili, Doreen. Kata!"

Doreen hakukata. Mkono wake ulibaki hewani, koleo limefunua mdomo.

Watu waligawanyika taratibu, na Enid Raistrick akapita katikati yao, Moss ubavuni, kamba mkononi. Alisimama mbele ya utepe wa buluu na nyeupe ambao Tordoff alikuwa ameanza kuufunga kutoka mti hadi mti.

"Alianguka wapi?"

"Kibanda cha tatu. Ngazini."

Enid aliitikia kwa kichwa.

"Yule mtu alikuwa anangoja kitu kimoja tu," alisema. "Ipatikane siku ambayo hakuna aliyepita, aende Jumanne aseme: mmeona, wameacha, wamekubali. Wilf alijua hilo. Ndiyo maana alitoka kwenye mvua ile. Amekufa ili siku isikatike, na sasa unaikata wewe."

Sugden angempigia Tordoff kabla ya giza. Angemkumbusha kwamba polisi haina maoni katika ugomvi wa ardhi. Kwamba neno moja la afisa kuhusu njia ile lingesomwa na mawakili kwa darubini. Kwamba kuna watu walioishia kuongoza magari kwa makosa madogo zaidi.

"Simkatii mtu siku," Tordoff alisema. "Nani ana simu inayorekodi?"

Doreen alitoa yake kwenye aproni, akaielekeza.

Tordoff alifunga fundo la mwisho la utepe, akageuka kuwatazama. "Mimi ni Inspekta Bridget Tordoff. Leo nimeifunga njia ya umma ya kwenda maporomoko ya Hagg, kwa sababu ya uchunguzi wa mauaji. Wananchi hawa walikuja kuipita na nimewazuia mimi, kwa amri ya polisi. Hawakuzuiwa na mwenye shamba. Uchunguzi ukiisha, nitakuja kuufungua utepe huu kwa mikono yangu."

Iveson alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaanza kupanda kilima kuelekea bandani, ambako kondoo mmoja alikuwa akipiga kelele za uchungu.

Enid hakuondoka. Alikuwa ameligeukia gari la polisi, kile kioo kilichoshushwa nusu, na uso mweupe uliokuwa ndani.

"Sema tena, mwanangu," akasema. "Ile sehemu ya njia ya umma. Kwa sauti. Yule ndani ya gari hajasikia."

Tordoff akasema tena.